Panya wa Makanyagio, Magoti ya Kakese

Jumapili, 12 Januari
Mvua imenyesha tangu alfajiri mpaka misa ya pili. Mama mdogo Verdiana amefurahi. Bila maji majaruba hayavurugiki, na yasipovurugwa hakuna kupandikiza mpunga. Mimi nimefurahi kwa sababu yangu: sanduku la dawa za kujaribu kwa panya limefika kituo cha utafiti cha Makanyagio kutoka chuoni. Nimesoma famasia miaka yote hii nikikariri majibu ya watu wengine, sasa nitauliza swali langu mwenyewe. Kabla ya ugali wa jioni mama mdogo alisali kwa sauti, akaombea mvua, akaniombea mimi, akaombea na panya. "Nao si wameumbwa?" alisema nilipocheka.

Jumanne, 14 Januari
Mvua. Bodaboda wamegoma kuingia Kakese kwa sababu ya tope. Nimeshinda nyumbani.

Jumatatu, 20 Januari
Wanawake wa kikundi cha mama mdogo wamekutana kwetu kupanga zamu. Mtindo wao ni huu: wote wanapanda kwa mmoja, kesho yake wote kwa mwingine, mpaka wamalize. Hakuna kulipana. Lakini asiyefika kwa mwenzake, zamu yake ikifika atapanda peke yake, na miche haimsubiri mtu mmoja. Mama mdogo ameomba awekwe karibu na mwisho, maana jaruba lake liko bondeni na linachelewa kukaa sawa.

Kiongozi wao ni Nyanzala, Msukuma, jirani yetu wa upande wa mto. Ana mgongo wa chuma na mdomo wa kutania. Alimwambia mama mdogo, "Mayu Verdiana, mwaka huu magoti umekuja nayo, au umeyaacha kitandani?" Wote wakacheka, na mama mdogo alicheka kuliko wote. Wapimbwe kama mama mdogo na Wasukuma wa hapa wanataniana hivyo kila siku, kwa hiyo sikulitilia maanani.

Jumatatu, 27 Januari
Tumeanza. Panya wote, isipokuwa kundi la kulinganishia, wamechomwa sindano kwenye wayo wa mguu wa nyuma, wa kulia. Ndani ya sindano kuna mafuta yenye vijidudu vya kifua kikuu vilivyouawa kwa moto. Vijidudu vimekufa, ila mwili haujui hilo. Unaona adui, unapigana, na uwanja wa vita ni kiungo. Ndivyo tunavyowapa panya ugonjwa wa viungo unaofanana na wa watu.

Kati ya waliochomwa, kundi moja halipati dawa. Jingine linapata diklofenaki ya maumivu, jingine linapata deksa ya kuzima uvimbe. Kundi la mwisho linapata nusu ya hii na nusu ya ile, na hilo ndilo lililonileta huku. Nataka kujua kama nusu mbili za njia tofauti zinashinda dozi nzima ya njia moja. Nazamisha mguu kwenye mrija wa maji, maji yanapanda, nasoma mguu umevimba kiasi gani. Kazi yangu yote ni mguu.

Cyriaque, anayewalisha na kuwasafishia, alikuwa anawashika kwa taulo na kuwasemesha Kirundi.

"Dada Mercy, unawaumiza halafu unawaponya?"

"Ili wapone watu, Cyriaque."

"Haya," alisema, akarudi kwenye ufagio wake.

Jumatano, 29 Januari
Miguu imeumuka kama maandazi. Sijala maandazi leo.

Alhamisi, 6 Februari
Siku nzuri kuliko zote tangu nije. Kwa panya wasio na dawa, mguu wa kushoto nao umeanza kuvimba, mguu ambao sindano haikuugusa kabisa. Vitabu vilisema itakuwa hivyo, lakini kuona kwa macho ni kitu kingine. Ugonjwa umeshatoka wayoni na sasa unatembea mwilini. Na kundi la nusu kwa nusu? Wanakimbia. Mmoja alipanda ukuta wa kizimba kunitazama. Nilimpigia msimamizi wangu, akasema niendelee hivyo hivyo, matokeo ya namna hii yanasomwa mbali.

Kupandikiza kumeanza. Mama mdogo amerudi na tope mpaka mapajani, akalala bila kula.

Jumamosi, 8 Februari
Leo nimekuwa mtu mkubwa. Jumuiya ya Mtakatifu Ana imesali kwa Mzee Melkior, mwenyekiti, na baada ya sala akanisimamisha niwaeleze ninachofanya na panya, maana mtaani wameanza kusema nafuga uchawi. Kikundi chote cha mama mdogo kilikuwepo. Nyanzala si Mkatoliki, lakini naye alikuja. Habari za magoti hazina dhehebu.

Sikutaka kuwachosha kwa maneno ya darasani. Nikawaambia kiungo kikiumia ni kama nyumba iliyofiwa. Wa kwanza kupiga yowe anaitwa histamini. Anamwamsha serotonini, jirani wa ukuta mmoja. Hao wawili wanamwita kinini, kinini anatuma watu wamlete prostaglandini, na huyo akifika ndipo msiba unakolea. Kila mmoja anamwongezea mwenzake kilio.

"Sasa ukimnyamazisha yule wa kwanza?" aliuliza Mzee Melkior.

"Umechelewa, mzee. Wenzake wameshafika."

"Na huyo wa mwisho, mwenye jina refu?"

"Hao wengine wanabaki wanalia, watamwita tena. Ndiyo maana mtu anakunywa dawa moja na goti linatulia kidogo tu. Diklofenaki inamzuia huyo mwenye jina refu. Deksa inafunga barabara mapema, wengi wasifike. Panya wangu wanapata hii na ile, na wanakimbia."

Walipiga makofi mpaka kuku wakatoka chini ya kibanda. Mama mdogo alikuwa anawatazama wenzake mmoja mmoja, kama anayesema mnamwona. Nilikuwa na mengine ya kusema. Kwamba kila dawa ni nusu dozi. Kwamba panya si mtu. Kwamba hizo dawa mbili zikikaa pamoja zinalitafuna tumbo. Swali hilo niliulizwa kwenye mtihani wa mwaka wa kwanza nikapata alama zote. Lakini makofi yalikuwa matamu, na Mzee Melkior alishaanzisha wimbo wa kufungia. Nitasema wiki ijayo.

Jumapili, 9 Februari
Kanisani watu watatu wamenisalimia "daktari". Sikumsahihisha hata mmoja.

Jumanne, 11 Februari
Asubuhi nimekuta vidonge kwenye kizingiti cha dirisha la jikoni, vya aina mbili.

"Mama mdogo, hivi vya nani?"

"Vyangu. Patrick wa duka la dawa kanipa. Nilimwambia nataka zile za mwanangu, za panya. Akacheka, lakini akanipa."

"Unakunywaje?"

"Kimoja kimoja. Si ulisema hii na ile?"

"Usizidishe. Na ule kwanza."

"Nitakula nikirudi. Ukiinama na uji tumboni unarudi mdomoni."

Bodaboda alikuwa anapiga honi nje, na saa ya kupima miguu ilikuwa imefika. Nikaondoka. Njiani nilijiambia ni kipindi kifupi tu cha kupanda, haitakuwa neno.

Ijumaa, 14 Februari
Nimepitia jarubani wakati wa kurudi. Mama mdogo amempita Nyanzala kwenye mstari. Nimesimama kwenye tuta nikitazama mikono yake, mche, mche, mche, na wenzake wakimshangilia. Nyanzala akasema, "Huyu kaazima magoti ya binti yake." Nilijisikia kama niliyemfufua mtu. Niliwaza hata namna ya kumtaja kwenye shukrani za tasnifu.

Jumapili, 16 Februari
Mvua kubwa. Mama mdogo hakuenda kanisani, anasema tumbo linamchoma, labda ni maharage. Nikamchemshia maji ya tangawizi.

Jumatatu, 17 Februari
Leo lazima niandike kama ilivyokuwa, nisijipake mafuta.

Walikuwa wanapanda kwa Nyanzala. Kabla ya jua kukolea mama mdogo alikaa chini kwenye maji, akasema kizunguzungu. Nyanzala alinipigia simu, tukakutana zahanati. Tabibu ni kijana mpole. Alimpima malaria, hakuna. Akamuuliza anaumwa nini kingine, akasema magoti. Akamuuliza ametumia dawa gani.

"Panadol tu," mama mdogo alisema.

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Nyanzala alikuwa pembeni yangu, na nje kwenye benchi walikuwa wanawake wawili wa jumuiya. Mama mdogo alinitazama mara moja tu. Nilielewa ananiomba ninyamaze, na nilifurahi ameniomba, kwa sababu nilitaka kunyamaza. Ningesema nini? Kwamba mimi mwanafamasia nimemfundisha mama wa watu kunywa deksa kabla ya chai? Tabibu alimwandikia sindano ya maumivu kwa ajili ya magoti. Nilisoma jina kwenye chupa muuguzi alipoivunja. Ilikuwa diklofenaki. Niliisoma vizuri kabisa, na sikufungua mdomo.

Jumanne, 18 Februari
Ametapika damu. Tuko hospitali mjini.

Jumatano, 19 Februari
Ilikuwa jana alfajiri. Nilisikia kishindo uani nikamkuta amepiga magoti kwenye tope, ameshika ukuta. Alichotapika kilikuwa cheusi, chembechembe kama machicha ya kahawa. Nilijua ni nini kabla sijainama. Nyanzala na mumewe walikuja na pikipiki mbili. Mama mdogo aliwekwa katikati yangu na dereva, kichwa chake begani kwangu, na njia nzima alikuwa ananong'ona kitu kimoja: "Usiniaibishe, Mercy. Watasema Verdiana kaishiwa, ananunua nguvu dukani."

Hapo ndipo nilipoelewa utani wa Nyanzala ulikuwa unamwingia wapi. Hapa mwanamke anahesabiwa kwa mstari wake jarubani. Magoti yake yalikuwa yanamuuma miaka na alicheka kuliko wote ili asionekane. Mimi nimelala chumba cha pili kutoka chake msimu mzima. Miguu ya panya naijua mmoja mmoja, lakini goti lake sijawahi hata kuomba nilione.

Daktari wa zamu, mama mmoja mnene mwenye miwani, aliuliza lile lile: ametumia nini? Mama mdogo akafumba macho. Nikasema. Nilitaja zote mbili, nikasema alikuwa anazinywa bila kula, nikasema na sindano ya zahanati. Daktari akauliza nani alimwandikia.

"Mimi."

"Wewe ni nani?"

"Nasoma famasia. Shahada ya pili."

Hakunifokea, na ingekuwa afadhali angefoka. Aliandika, akavua miwani, akasema, "Basi wewe ulijua." Kisha akaenda kutafuta damu. Nyanzala na mumewe walitoa. Mimi nilipimwa, wakasema yangu haifai kwake.

Mdomo uliponza kichwa, lakini mdomo ni wangu na kichwa ni cha mama mdogo. Sijawahi kuona aibu ya namna hii. Inanifuata mpaka chooni.

Alhamisi, 20 Februari
Damu imesimama. Amekunywa maziwa. Haniongeleshi sana, wala hajanuna. Hiyo inaniuma zaidi.

Ijumaa, 21 Februari
Zamu haisubiri mgonjwa. Nimeomba ruhusa kituoni, Cyriaque akakubali kuwatazama panya, nikaingia jarubani badala ya mama mdogo. Nyanzala alinipa kifungu cha miche na nafasi ya mama mdogo kwenye mstari, katikati, ambapo kila mtu anakuona. Ile miche yangu iliibuka ikaelea. Aliyekuwa nyuma yangu alikuwa anaipanda tena. Kufika mchana mgongo ulikuwa unawaka na magoti yamekataa kukunjuka, na mimi sijafika hata miaka thelathini. Niliuliza wanafanyaje.

"Tunazoea," mmoja alinijibu, akatazama pembeni.

Jumamosi, 22 Februari
Nimepanda tena. Hospitali jioni. Mama mdogo amewaambia waliokuja kumwona kwamba ni vidonda vya tumbo vya zamani. Mzee Melkior aliniambia nimshukuru Mungu kwa kumpa mgonjwa huyu mtoto msomi ndani ya nyumba. Nikaitikia amina. Nimeitikia amina!

Jumatatu, 24 Februari
Leo ilikuwa siku ya kufunga utafiti. Panya wote wamelazwa na dawa ya usingizi wasiamke tena, nikachukua viungo vya miguu na kuviweka kwenye dawa ya kuvihifadhi. Kwa kundi la nusu kwa nusu viungo ni safi, vya kupiga picha. Mpango wetu unaishia hapo. Miili inatiwa mfukoni, Cyriaque anaichoma.

Nilikuwa nimeshafunga mfuko wa kundi hilo. Nikaufungua tena. Sikuwa na maelekezo ya kufanya nilichofanya, wala nafasi ya kukiandika kwenye jedwali. Nilimtoa mmoja, nikampasua tumbo, nikaligeuza na kuliosha kwa maji. Kwenye ngozi ya ndani kulikuwa na madoa meusi, mengine yamechimbika. Nikamtoa wa pili, naye hivyo hivyo, na wa tatu. Kwa nusu! Hao wamepewa nusu, na chakula wanacho mchana na usiku. Walikuwa wanakimbia ndani ya vizimba na matumbo yao yanaoza, na mimi nikiwapigia simu watu kusema wamepona.

Cyriaque alisimama na mfuko wake. "Haya tulikuwa tunayatafuta?" aliuliza.

"Hapana."

"Kwa nini?"

Nikamwambia swali lilikuwa la mguu. Nilipojisikia nikisema hivyo nilitamani ardhi inimeze.

Nimemwandikia msimamizi kwamba sura ya matokeo itakuwa na matumbo ndani yake. Hajajibu.

Jumatano, 26 Februari
Mama mdogo amerudi nyumbani. Daktari amemkataza dawa zote za jamii ile maisha yake yote. Maana yake magoti yatavimba, na hakuna nitakachomnunulia cha kuyatuliza sawasawa. Jioni niliyakanda kwa maji ya moto. La kulia ni kubwa kuliko la kushoto, na ukiligusa kwa ndani anavuta pumzi. Nimelijua leo.

"Mama mdogo, nataka kuwaambia wenzako."

"Waambie nini?"

"Kwamba niliwaambia nusu ya habari."

"Watajua na mimi nilikunywa."

"Sitakutaja."

"Mercy, kwani wao ni wajinga?" Akavuta kanga akajifunika miguu. "Keshokutwa wanakuja kwangu kupanda. Kama utasema, sema kabla hawajaingia majini. Wakishainama hawasikii mtu."

Ijumaa, 28 Februari
Walikuja wote kwenye jaruba la mama mdogo kabla jua halijatoka sawasawa, hata yeye tulimleta, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa juu ya tuta. Ukungu ulikuwa bado bondeni. Nilisimama mbele yao na mikono yangu sikujua niiweke wapi. Nilisema kwamba siku ile kwa Mzee Melkior nilijua jambo nikaliacha kwa sababu ya makofi. Nikawaeleza kuhusu nusu. Nikawaambia nimewapasua wale panya na matumbo yao yameharibika, hata wale waliokuwa wanakimbia. Nikasema asiwepo mtu wa kunywa zile dawa mbili pamoja, na kama yuko ambaye tumbo linamchoma au choo chake ni cheusi, aende hospitali leo hii, aseme ukweli, asifanye kama nilivyofanya mimi zahanati.

Nilingoja wanitukane. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa, na nadhani nilikuwa nalitaka hilo tusi.

Nyanzala alikuwa amesimama karibu na miche. Alitazama chini, akachukua pindo la kanga yake, akaanza kufungua fundo kwa meno. Akanyoosha kiganja. Vidonge viwili, cha aina hii na cha aina ile. Akaviweka kwenye jani la mgomba tulilofunikia uji.

Kisha Mary, mdogo kuliko wote, ambaye bado ananyonyesha. Kisha yule aliyeniambia wanazoea. Mmoja baada ya mwingine walifungua mafundo, wengine wakigeuka ili wenzao wasiwaone, na wote walikuwa wanaonana. Karibu mstari mzima. Mama mdogo aliwatazama kutoka juu ya ndoo yake akaanza kulia, na wa kwanza kumfuata alikuwa Nyanzala. Kila mmoja alidhani ni yeye peke yake aliyeishiwa.

Nilivikusanya. Nyanzala alijifuta uso kwa mkono wenye tope, akanitazama bila hasira.

"Sawa, ng'wana wane, tumesikia," alisema, akiniita mwanawe kwa Kisukuma. "Kesho ni zamu ya Mary. Tutainama na nini?"

Wakaingia majini.